Utafiti wa uwandani wa anthropolojia jamii Kigoma: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza

Kila mwaka rasimu zinarudishwa na msimamizi kwa maneno yaleyale: "Hii ni ripoti ya madodoso, si etnografia," yaani si maelezo ya maisha ya watu yanayotokana na kukaa nao. Mwanafunzi amefika Kigoma, amegawa madodoso hamsini, ameyakusanya, amepiga asilimia na kuchora jedwali, amepanda treni kurudi chuoni. Anapofika sura ya nne hana cha kusema zaidi ya "wahojiwa wengi walikubali." Hapo tena hakuna marekebisho yatakayomsaidia, kwa sababu kilichokosekana kilibaki mwaloni, kule ufukweni wanakotua wavuvi.

Mwongozo huu ni wa anayesomea anthropolojia jamii, au sosholojia yenye anthropolojia ndani yake, na anajiandaa kwenda uwandani kwa ajili ya tasnifu ya mwaka wa tatu. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni mwalo wa Kibirizi na biashara ya dagaa, maana ndipo wengi wanapokwenda na ndipo wengi wanapokwama. Hatua ni zilezile ukiwa Ujiji, Kasulu au Buhigwe. Aliyeko Tabora atafuata msimu wa tumbaku au wa kurina asali badala ya mwezi na ziwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Vijitabu viwili vidogo vya kuingia mfukoni, na kauntabuku moja kubwa.
- Kalamu na penseli. Mkono ukiwa na maji ya dagaa, wino unasambaa lakini penseli inaandika.
- Simu yenye kinasa sauti, na pawabanki.
- Barua ya utambulisho ya chuo, nakala nyingi. Kila ofisi itabaki na yake.
- Kitambulisho cha chuo na cha taifa.
- Maelezo ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, yasizidi nusu ukurasa.
- Kalenda inayoonyesha tarehe za Kiislamu. Sababu yake iko hatua ya pili.
- Nguo za heshima zinazofaa kazi. Kwa dada, kitenge au khanga ya ziada. Kwa kaka, suruali ndefu usiyoionea huruma.
- Chandarua, na akiba ya nauli ambayo huigusi.

Viko pia vya kuacha nyumbani. Cha kwanza ni fulana au kofia ya mradi wowote. Kigoma imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na mashirika ya misaada yamezoeleka huku. Ukitokea na fulana yenye nembo na karatasi mkononi, watu watadhani unaandikisha majina ya msaada, nao watakujibu kama mtu anayeandikishwa. Cha pili ni lile dodoso.

## Hatua ya 1: Ikate mada mpaka uweze kuizunguka kwa miguu

Mada kama "Athari za utandawazi kwa utamaduni wa Waha" haifanyiki na mtu mmoja katika likizo moja. Utamaduni wa Waha hauna mahali unapoweza kwenda saa kumi na mbili asubuhi ukaukuta umekaa.

Mada inayofanyika inataja watu fulani, mahali fulani na jambo wanalolifanya. Kwa mfano: jinsi wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi wanavyopata mzigo kwa mkopo, na wanavyolipana siku ambazo uvuvi umesimama. Hapo unajua uende wapi, saa ngapi, na utazame nini. Sababu ya kubana hivi ni kwamba anthropolojia inapata uzito wake kwa kurudi mahali palepale, kwa watu walewale, mpaka uone jambo likijirudia na siku moja likivunjika.

Tahadhari. Usichague kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu kwa sababu tu umesikia habari zake. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na likizo inaweza kuisha ukiwa bado unasubiri. Vivyo hivyo, mada inayogusa afya na matibabu ina taratibu zake za maadili, ziulizie chuoni mapema.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mama ntilie mada yako kwa sentensi moja na yeye akuambie, "Basi kamwone fulani."

## Hatua ya 2: Panga siku zako kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo kalenda ya chuo inapowadanganya wengi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawakusanya dagaa pale tu usiku unapokuwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, na kwa siku kadhaa vipe vingi, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinabaki ufukweni. Mwanafunzi akifika siku hizo anakuta mwalo mtupu, anaandika kwamba "shughuli za uvuvi zimeshuka," kumbe amekuta mapumziko ya kila mwezi.

Kalenda ya Kiislamu inakupa jibu bila hesabu yoyote: mwezi mpevu huangukia tarehe 14 na 15. Panga kukaa walau mzunguko mmoja mzima wa mwezi, yaani siku 29 au 30, na ukiweza ongeza nusu ya mzunguko wa pili. Siku za giza utaona mnada, mbio za asubuhi, na kuanika. Siku za mbalamwezi utaona nyavu zikishonwa, madeni yakidaiwa, harusi na vikao. Kwa mada ya mikopo, siku hizo ambazo wengine wanaziona tupu ndizo za thamani kuliko zote, maana pesa haiingii na kila mtu anakumbuka anayemdai.

Angalia mambo mawili mengine. Mvua inaharibu kuanika, hivyo masika na kiangazi ni biashara mbili tofauti. Andika wazi ulikuwepo msimu gani. La pili ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, miezi ambayo wanafunzi wengi wako likizo. Piga simu kwa mtu aliyeko Kigoma au uliza ofisi ya uvuvi kabla ya kukata tiketi. Ziwa likiwa limefungwa bado unaweza kufanya utafiti mzuri sana, lakini utakuwa utafiti mwingine, na pendekezo lako libadilike kabla hujapanda treni.

## Hatua ya 3: Pita kila mlango wa vibali, kwa mpangilio

Barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo utaelekezwa wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa. Mwaloni kuna viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wenyewe wanakiita BMU. Ukiwa na mihuri yote ya juu lakini hujajitambulisha kwa hawa wa mwisho, bado hujafika.

Tenga siku za kutosha kwa hatua hii. Aliyetakiwa kusaini anaweza kuwa safarini, na hasira haisaidii. Zitumie siku za kusubiri kutembea Ujiji, kukaa sokoni, na kusikiliza watu wanavyoitana.

Tahadhari. Kibali cha ofisi kinakuruhusu kuwepo. Hakimlazimishi mtu yeyote kuzungumza nawe. Usikubali mtendaji akukusanyie "wahojiwa" ofisini kwake, hata kama anafanya hivyo kwa wema. Mwambie kwa heshima kwamba shukrani, lakini masomo yako yanataka uwakute watu kwenye kazi zao.

## Hatua ya 4: Kaa karibu, na ufanye kazi

Panga chumba unakoweza kutembea hadi mwaloni alfajiri. Anayelala mjini na kuja na bodaboda saa tatu anakuta mnada umekwisha na wanawake wameshaelemewa na kuanika. Mwanaanthropolojia Malinowski alipokaa visiwa vya Trobriand, huko Papua Guinea Mpya, kati ya 1915 na 1918, alipiga hema lake kijijini katikati ya nyumba za watu, na tangu hapo fani hii inaamini kwamba asiyelala karibu haoni mengi.

Siku za mwanzo acha kijitabu mfukoni. Salimia. Shikamoo kwa wakubwa wote, na usiharakishe salamu. Kwa Waha salamu haimalizwi kwa neno moja. Jifunze za Kiha kwa wenyeji wako, wakucheke kidogo wakusahihishe. Ujiji na mwambao utakutana pia na Wamanyema, Wabembe, Wabwari na wengine, kwa hiyo usimwite kila mtu Mha. Kiswahili kinatosha kwa mengi, ila sikiliza ni lini watu wanakiacha na kuhamia lugha nyingine. Mara nyingi ndipo jambo zito linaposemwa.

Jieleze kwa ukweli na kwa ufupi: "Mimi mwanafunzi, nasoma namna watu wanavyoishi na kufanya kazi. Nataka kujifunza biashara ya dagaa kwenu. Sina mradi wala msaada." Utalirudia hilo la mwisho mara nyingi.

Kisha omba kazi. Kugeuza dagaa kichanjani, kutoa takataka, kubeba ndoo, kufukuza kunguru. Mwili unaofanya kazi unaacha kuwa mgeni wa kutazamwa, na mikono ikiwa na shughuli mazungumzo yanakuja yenyewe. Kaka anayesoma kazi za wanawake asilazimishe kukaa katikati yao. Aanzie kwa wabebaji na washona nyavu, kisha amwombe mama mmoja mwenye heshima awe mwenyeji wake. Akishakaribishwa na huyo, wengine watampa nafasi.

Utajua umefaulu siku watakapoacha kukueleza mambo na kuanza kukutuma, au kukugombeza kwa kugeuza dagaa vibaya. Mgeni hagombezwi.

## Hatua ya 5: Andika siku ileile, kabla ya kulala

Hatua hii ndiyo inayotenganisha tasnifu na hadithi za safari. Ningeweza kukusihi kitu kimoja tu katika mwongozo mzima, kingekuwa hiki.

Uandishi una ngazi tatu. Ya kwanza ni vidokezo: maneno machache kwenye kijitabu cha mfukoni, ukijitenga kidogo. Jina la siri, saa, sentensi iliyosemwa, kiasi. Ya pili ni kauntabuku: unakaa chini na kuvikunjua vidokezo viwe maelezo kamili. Ya tatu ni ukurasa wa upande wa pili, unaouacha wazi, ambako unaandika maswali na mawazo yako. Usichanganye ulichoona na ulichodhani kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu baada ya miezi mitatu hutakumbuka kipi ni kipi.

Kwa kuwa vipe vinatia nanga alfajiri, muda wako wa kuandika si usiku, ni saa nne hadi saa saba mchana. Usile ukapitiwa na usingizi kwanza. Usimsimulie mtu kwanza pia, maana simulizi inalainisha mambo, na utakuja kuandika simulizi yako badala ya ulichokiona.

Tazama maelezo haya mawili ya asubuhi ileile. Nimeyatunga yote kwa ajili ya mafunzo. La kwanza ni aina ninayoisoma mara kwa mara:

*Leo nilikwenda mwaloni. Wanawake walikuwa wengi na wanajituma sana. Wanapata dagaa kwa mkopo kwa sababu wana umoja na wanaaminiana.*

La pili:

*Saa 1:10 asubuhi. Kipe cha tatu kimefika. Mama A, yule wa kichanja cha mwisho, anashika ukingo wa beseni kabla mvuvi hajataja bei. Mvuvi: "Hilo lina mwenyewe." A haachii. "Mwenyewe ni mimi tangu juzi." Mama B, aliyekuwa amesogea na ndoo yake, anairudisha nyuma. Mvuvi anamtazama mzee aliyekaa juu ya gunia la nyavu. Mzee anatikisa kichwa kukubali. Beseni linakwenda kwa A. Sikuona pesa ikitoka mkononi kwa mtu.*

Na upande wa pili wa ukurasa:

*"Tangu juzi" ni nini? Alilipa kabla? Alimpa mvuvi pesa ya mafuta? Kwa nini B alirudi nyuma kabla mzee hajajibu? Alikuwa anajua nini?*

La kwanza limefunga mlango. "Umoja" na "kuaminiana" ni hitimisho ambalo hakuna aliyelionyesha. La pili halijahitimisha chochote, lakini ndani yake kuna tasnifu nzima: haki ya kununua iliyotangulia bei, mkopo unaotoka kwa mchuuzi kwenda kwa mvuvi na si kinyume chake, mzee anayethibitisha, na jirani anayejua zamu ya nani. Kesho utakwenda ukiwa na maswali matano ambayo hakuna dodoso lingekupa.

Kanuni ndogo za kushika:

Maneno uliyoyasikia vilevile yawekee alama za kunukuu. Uliyoyakumbuka kwa maana tu usiyawekee. Andika saa kwa Kiswahili kama watu wanavyoitaja, usije ukachanganya baadaye. Taja vipimo kwa majina yao ya pale, iwe ndoo, sado au beseni, kisha siku moja vipime ujue ujazo wake. Andika pia siku ambazo "hakuna kilichotokea." Uliona nani hakuja?

Tahadhari. Siku mbili bila kuandika hazirudi. Ukichoka sana, jirekodi sauti kwa dakika chache kisha uandike baadaye siku ileile.

## Hatua ya 6: Mahojiano yaje yamechelewa

Usihoji mtu rasmi kabla hujakaa wiki mbili. Ukihoji mapema utauliza maswali ya kitabuni na kujibiwa majibu ya wageni.

Uliza habari ya mara ya mwisho jambo lilipotokea. "Mara ya mwisho mzigo wako ulilowa mvua, ulifanyaje?" inaleta tukio lenye watu na pesa ndani yake. "Kwa nini mnakopeshana?" inaleta methali. Baada ya jibu, kaa kimya kidogo. Wengi wanaongeza lililo muhimu pale mhoji anapodhani wamemaliza.

Kurekodi ni kwa ruhusa, na ruhusa iombwe mbele ya simu ikiwa imezimwa. Usilipe pesa kwa habari, maana siku ya pili utapata habari za kuuzwa. Sukari, sabuni, au kusaidia kubeba mzigo ni adabu ya kawaida ya mgeni na haina ubaya. Ukihitaji mkalimani wa Kiha, usimtumie mtoto wa mhojiwa wala mtu anayemdai.

Ukitaka kujua nani anamkopesha nani, chora mti wa ukoo. Mwanaanthropolojia W. H. R. Rivers aliifanya hii kuwa mbinu rasmi zaidi ya karne iliyopita, na bado inafanya kazi: pembetatu kwa wanaume, duara kwa wanawake, mistari miwili sambamba kwa ndoa. Tumia maneno ya wenyewe: baba mdogo, shangazi, wifi, mke mwenza. Mtu akisema "huyu mama yangu," uliza kwa upole, "Ni mama kwa upande gani?" Huenda amemzaa, huenda ni mdogo wake mamaye, huenda ni jirani aliyemlea. Kwa mada ya mikopo tofauti hiyo ni kubwa.

## Hatua ya 7: Linda watu walioko kwenye daftari lako

Mwaloni utaona mambo ambayo si ya kuandikwa na majina. Kokoro, ule wavu wa kuvutwa hadi ufukweni, limepigwa marufuku, lakini unaweza kulikuta likivutwa. Ziwa ni mpaka wa nchi nne, na watu wa Burundi na Kongo wana ndugu, wake na wateja upande huu. Uhalali wa makaratasi yao si kazi yako. Usiandike uraia wa mtu pasipo haja ya mada yako, na usilinganishe taarifa kwa namna ya kumtambulisha aliyekuamini.

Tumia majina ya siri tangu siku ya kwanza. Ufunguo wa majina, yaani orodha ya jina lipi la siri ni la nani, uwe karatasi tofauti, mahali tofauti na daftari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu kwenye simu yako ni taarifa yake. Funga simu kwa nywila. Picha za nyuso usizitume kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa wanafunzi wenzako. Kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa itoke kwa mzazi au mlezi pia, na watoto wanaofanya kazi mwaloni ni wengi.

Ofisa akikuuliza "Umeona nini?", mweleze mada yako na umwonyeshe barua. Daftari libaki kwenye mkoba.

## Hatua ya 8: Soma daftari lako kabla ya kusoma nadharia tena

Ukirudi chuoni, lisome lote mara mbili bila kuandika chochote. Mara ya tatu weka alama pembeni: mkopo, zamu, mzee, ugomvi, mvua. Alama zinazokutana mara nyingi ndizo sura zako. Kisha tafuta siku ambayo kanuni ilivunjika, kwa mfano siku B alipokataa kurudisha ndoo nyuma. Siku hiyo ndiyo itakayokuonyesha kanuni yenyewe ilikuwa nini.

Sasa rudi kwa wanazuoni. Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi inabeba wajibu wa kutoa, kupokea na kurudisha. Muulize swali kutoka Kibirizi: pesa ya mafuta anayotoa Mama A ni mkopo, ni zawadi, au ni kununua zamu? Usimweke Mauss kwenye sura ya pili akakaa peke yake; mlete mwaloni abishane na daftari lako.

Anza kila sura na tukio, halafu ndipo ueleze. Asilimia ziache, maana watu kumi na wawili uliowajua kwa undani hawahesabiwi kwa mia. Ukitaka kusema "wengi," taja nani na nani.

Utajua umefaulu msimamizi akianza kukuuliza habari za Mama A badala ya habari za mbinu zako.

Kabla ya kukabidhi, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kuhusu uliyoyakuta, bila majina. Peleka kwa mtendaji wa mtaa na BMU kama ulivyoahidi kwenye barua, kisha msomee mwenyeji wako kwa simu siku ya mbalamwezi, anapokuwa na nafasi. Atakapokukatiza akasema "Hapo siyo hivyo," kalamu iwe karibu, na sahihisho lake liingie kwenye tasnifu.